Mkazi wa Kingori

Mbuzi wa Naftali walikuwa na haki ya kwanza. Hilo lilikubaliwa siku ileile Sumari na mkewe Tabea walipohamia bandani: mbuzi walale upande wa ndani, ambako paa la majani makavu ya migomba halikuvuja, na watu walale upande wa mlango. Naftali, kaka yake Tabea, mwenye migomba na banda na mbuzi, alilieleza jambo hilo akitazama pembeni.

"Mbuzi akilowa anakohoa, shemeji. Na akikohoa, huyo umemzika."

Sumari alisema ameelewa. Watoto wake wanne walikuwa wakikohoa tangu Desemba.

Masika ya mwaka ule wa hamsini na mbili hayakuwa na adabu. Watu wa Poli, huko juu ya Usa River, wanasema hadi leo kwamba mvua ilinyesha hata ndani ya vyungu vilivyofunikwa, na kwamba jogoo wa mchungaji alijifunza kuogelea. Ya jogoo tumwachie jogoo. Ya hakika ni kwamba maji yaliingia bandani kwa njia tatu, na Tabea alikuwa na vyungu viwili.

"Sogeza hilo sanduku lako nitege hapo," alisema.

"Ngoja kidogo. Farasi wa huyu yuko hatarini."

"Huyu nani? Si uko peke yako hapo?"

"Huyu wa upande wa pili."

Tabea aliinua chungu kilichojaa, akakimwaga nje, akakirudisha palepale. "Baba Eunike, ng'ombe kumi na mmoja walikuwa hatarini na hukuwatolea macho namna hiyo."

Sumari alilisogeza sanduku. Mwezi wa Novemba serikali ilikuwa imeamua kwamba nchi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, inafaa zaidi ng'ombe wa walowezi kuliko Wameru. Askari walikuja na malori na viberiti. Nyumba ya Sumari iliungua kwa ubishi kwa sababu ya mvua. Ilifuka moshi siku mbili kabla ya kukubali kuanguka. Ng'ombe walisukumwa kwenye tope na baridi, wakaishia njiani mmojammoja. Watu walipakiwa kupelekwa Kingori, ambako walikuwa wamepimiwa viwanja vya miiba na mbung'o, vyenye maji ya kusimuliwa. Wengi walishuka kwenye malori yale kabla ya kufika, wakatawanyika kwa ndugu.

Kabla hawajatawanyika, mshili wao Elinami, mkuu wa ukoo, aliwakusanya wanaume kando ya barabara. Kibuyu cha maziwa kikazunguka. Kila mwanamume alimeza funda moja, akatema jingine ardhini, akasema hatakipokea kiwanja cha Kingori hata akipewa na mvua yake. Sumari alikuwa na njaa, akameza na lile la kutema. Elinami alimwona, akamwongezea jingine bila kucheka.

Mchezo wenyewe, huo wa farasi, ni sataranji, na aliupata Tengeru. Wakati wa vita Waingereza walileta huko Wapolandi maelfu, watu waliofukuzwa kwao, wakawajengea vijumba vya duara kama uyoga. Sumari alikuwa fundi seremala wa kambi. Mzee mmoja, Bwana Tadeusi, aliyedai kuwa aliwahi kuwa bingwa wa mji ambao sasa umefutwa kwenye ramani, alimwita siku moja atengeneze mguu wa meza, na hakumwachia aondoke kwa miaka saba. Inasemekana mchezo wao mmoja ulianza kahawa ikiwa maua ukaisha ikiwa guniani. Siku Sumari alipokosa kwenda kazini, mzee alimtuma mama wa maziwa: "Mwambie Sumari askofu wangu amesogea kushoto, na aone haya." Mwaka wa mwisho wa kambi Sumari alikuwa akishinda michezo mitatu kati ya minne. Kisha Wapolandi wakaondoka, na mzee Tadeusi akabaki, makaburini.

Vipande alivyokuwa navyo sasa alivichonga mwenyewe, vyeupe kwa mti wa mbuni, vyeusi kwa mringaringa uliokaushwa juu ya moshi. Ubao ulikuwa kifuniko cha sanduku la sabuni. Alikwenda navyo gulio la Tengeru siku za soko, akawafunga wauza ndizi, wachunga ng'ombe na mwalimu mmoja wa biblia aliyekuwa akisali kabla ya kila hatua. Hapo ndipo karani Gidion alipomkuta.

Gidion alitoka Levolosi mjini. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ya kuandikia na nyingine ya heshima.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Sumari wa Wapolandi?"

"Marahaba. Ukitaka kufungwa, kaa hapo kwenye gunia."

"Sitaki kufungwa, mzee, nimefungwa na kazi inatosha. Nafanya kazi Klabu ya Mnara. Wiki ya Pasaka kuna ubingwa wa sataranji wa Tanganyika nzima. Mwaka huu wamefungua kwa watu wa rangi zote. Kuna maneno mengi huko ng'ambo juu ya nchi hii, wakubwa wanataka picha nzuri." Alijikuna shingo. "Na mgeni wa heshima ni Bwana Mkubwa wa serikali kutoka Dar es Salaam. Bingwa atampa mkono."

"Atampa mkono. Na atasema naye?"

"Kama ana la kusema."

Sumari alirudi Poli kwa miguu na mvua yote ilimpata, lakini hakuiona. Alikuwa na la kusema.

Klabu ya Mnara ilikuwa na baraza pana na sakafu ya mbao iliyopakwa nta hadi ikawa hatari. Sumari alionyeshwa gunia la kusimama juu yake kwa ajili ya tope. Katibu wa mashindano, ambaye pia alikuwa afisa wa ofisi ya wilaya, aliitwa Bwana Wilmoti, lakini watumishi wote walimwita Bwana Kifungu, kwa kuwa hata chai alikunywa kwa kufuata kanuni. Alikijua Kiswahili vizuri kuliko alivyopenda ionekane, ila kwa kazi rasmi alimtumia Gidion.

"Muulize makazi yake."

"Anauliza unakaa wapi, mzee."

"Engare Nanyuki."

Bwana Kifungu alicheka kwa pua. "Engare Nanyuki hakai mtu. Wanakaa ng'ombe."

"Basi Poli, kwa shemeji yangu."

"Una shamba hapo? Una nyumba?"

Sumari aliwafikiria mbuzi. "Nimehifadhiwa."

"Mgeni," Bwana Kifungu alimwambia Gidion, kama daktari anayetaja ugonjwa. Akafungua kijitabu cha kijani. "Kifungu cha nne. Mshindani awe na makazi ya kudumu katika Tanganyika, yanayotambulika. Mtu aliyehifadhiwa hana makazi. Sikukitunga mimi, kilitungwa kabla ya vita."

"Bwana, nimezaliwa hapa. Baba yangu amezikwa kule."

"Baba yako hachezi."

Mvua iligonga bati la baraza. Gidion aliangalia kalamu zake. Bwana Kifungu alivuta faili jingine, taratibu, akapitisha kidole kwenye orodha ndefu, akakisimamisha.

"Aa. Sumari, mke mmoja, watoto wanne. Kingori, kiwanja namba arobaini na moja. Hongera. Una makazi ya kudumu na hujui."

"Sijakipokea, bwana."

"Kupokea ni dakika moja."

Karatasi ililetwa. Ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiswahili safi, na Sumari, aliyesoma shule ya Walutheri hadi darasa la nne, aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba yeye, fulani, anathibitisha kuwa alihamia Kingori kwa hiari yake, na huko ndiko kwenye makazi yake ya kudumu.

"Hili neno hiari," alisema. "Haliwezi kuondolewa?"

"Anayekaa mahali bila hiari ni mfungwa," alisema Bwana Kifungu, safari hii bila kumsubiri mkalimani. "Wafungwa hawashiriki. Kifungu cha sita."

Gidion alimwinamia sikioni. "Mzee, ni karatasi ya mchezo tu. Inakaa kwenye faili la mchezo." Alisema hayo akitazama sakafu.

Mtu wa mjini angeiogopa karatasi. Sumari aliogopa kibuyu. Tangu akiwa kijana aliona kwamba neno la kumfunga mtu husemwa mbele ya mshili, watu wakiwa wamesimama, maziwa yakizunguka, na asiyemeza hajasema. Hapa hapakuwa na mshili wala funda. Palikuwa na Mzungu mmoja, karani mmoja na gunia. Alijiona kama mtu anayesema uongo usingizini, ambao asubuhi hakuna anayemdai. Juu ya hayo, alikuwa na sababu njema: angefika kwa Bwana Mkubwa, angempa mkono, na angesema. Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri aliofundishwa, wenye mikia.

Bwana Kifungu akalikausha jina kwa karatasi ya kufyonza wino, akalipuliza pia, kwa uhakika.

Nyumbani alimwambia Tabea kwamba amekubaliwa. Hakusema kwa njia gani.

"Watakupa nini ukishinda?"

"Nitampa mkono Bwana Mkubwa. Nitamwambia habari yetu."

Tabea aliacha kumenya ndizi. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu Novemba, na Sumari akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Wiki zile, akilima migomba ya Naftali kulipia banda, alizichonga sentensi za kumwambia Bwana Mkubwa. Mwanzoni zilikuwa nyingi: nyumba, ghala, ng'ombe, mama aliyejifungua juu ya lori. Kila siku zilipungua. Wakati uleule maneno mengine yalikuwa yakinenepa mdomoni mwake bila kulishwa: Sumari, Bingwa wa Tanganyika. Aliyasema kwa sauti ndogo akiwa na jembe. Aliwaambia mbuzi. Mara moja Naftali alimfumania akiwa amempa mkono mgomba, na kichwa kainamisha kidogo, kama mtu anayepokea kombe.

"Unamsalimia nani, shemeji?"

"Nanyoosha mgongo."

Pasaka ikafika. Washindani walikuwa wanane: Wazungu sita, Mhindi mmoja mwenye duka la saa, na Sumari katika koti la Naftali. Hapo ikazuka shida. Kanuni ya klabu ilikataza Mwafrika kuketi ukumbini. Kanuni ya mashindano ilitaka wachezaji wawili waketi kwenye ubao mmoja. Bwana Kifungu alizisoma zote mbili, akafikiri kwa muda wa sigara moja, kisha akaamuru ubao uwekwe kwenye kizingiti cha dirisha. Mzungu aliketi ndani kwenye kiti cha ngozi. Sumari aliketi barazani kwenye kreti ya bia, mvua ikimpiga mgongoni kila upepo ulipogeuka, na mkono wake ukaingia ukumbini kila alipocheza, ukatoka tena.

Siku ya kwanza alimfunga daktari wa mifugo. Siku ya pili akamfunga Mhindi wa saa, ambaye alimwomba radhi kwa kumchelewesha. Wapishi na watunza bustani walisogea karibu na baraza wakijifanya wanafagia. Kufikia siku ya tatu baraza lile lilikuwa limefagiwa hadi nta ikaisha.

Mchezo wa mwisho alipambana na Stavro, Mgiriki mwenye shamba la kahawa karibu na Usa River, mtu mnene, mwenye jasho na sauti ya kuita ng'ombe. Stavro alicheza huku akijisemea. Saa mbili na nusu zilipita. Kisha farasi wa Sumari akaruka mahali ambapo Stavro alikuwa amepasahau, na mfalme wa Mgiriki akabaki hana pa kukanyaga. Stavro alitazama, akapuliza mashavu, akamlaza mfalme wake kwa kidole.

"Nimekwisha, rafiki," alisema kwa Kiswahili cha shambani. "Umenichinja vizuri kabisa."

Nje wafagiaji walipiga kelele, wakanyamazishwa.

Bwana Mkubwa kutoka Dar es Salaam alikuja dirishani akiwa na glasi mkononi. Alikuwa mrefu, na ilimbidi ainame ili uso wake ufike kwenye dirisha. Nyuma yake walisimama mtu wa gazeti na kamera yake, Gidion, na Bwana Kifungu aliyekuwa akilifuta kombe kwa kitambaa.

Mkono ulitolewa kupitia dirishani. Sumari akaushika. Ulikuwa mkavu na wa moto.

"Bwana Mkubwa anakupongeza kwa mchezo mzuri," alisema Gidion. "Anauliza, wewe ndiye yule wa Kingori?"

Sentensi ilikuwa tayari. Ilikuwa imepungua hadi maneno matatu: Turudishieni Engare Nanyuki. Ilikuwa imesimama kooni, imevaa, inasubiri kuitwa. Sumari alifungua mdomo, na juu ya bega la Bwana Mkubwa akaliona kombe. Bwana Kifungu alikuwa ameacha kulifuta. Alikuwa akimtazama yeye, kitambaa kikiwa hewani. Mtu wa Engare Nanyuki hakuwa na makazi. Asiye na makazi hakuwa mshindani. Asiye mshindani hakumfunga mtu.

"Ndiye," alisema Sumari.

"Anauliza, Kingori kukoje?"

"Pazuri, bwana."

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Na ng'ombe?"

"Wazima."

Jibu la kwanza lilimkwangua. La tatu lilipita kama uji. Mtu wa gazeti aliandika, kamera ikamulika, na Bwana Mkubwa akautoa mkono wake dirishani, akaufuta kwa leso kwa sababu ya mvua.

Ndipo Bwana Kifungu alipogonga glasi kwa kijiko, akafungua kijitabu cha kijani.

"Kifungu cha tisa," alisoma, na Gidion akafasiri kwa sauti iliyokuwa ikizidi kufifia. "Jina la Bingwa hupewa mwanachama wa klabu iliyoandikishwa. Asiye mwanachama ni mshindani mwalikwa. Michezo yake itaheshimiwa, lakini haitahesabiwa katika kutoa jina. Kwa hiyo Bingwa wa Tanganyika kwa mwaka huu ni Bwana Stavro."

Stavro aliinuka, uso mwekundu. "Lakini huyu amenifunga! Wote mmeona."

"Amekufunga katika mchezo," alisema Bwana Kifungu. "Hapa tunazungumzia ubingwa."

Watu walicheka kidogo, kistaarabu. Stavro alitazama dirishani mara moja. Kisha akapewa kombe, na kwa kuwa lilikuwa zito ilimbidi alishike kwa mikono yote miwili, na hakutazama dirishani tena.

Gidion alimletea Sumari hati barazani. Ilikuwa na pambo la dhahabu pembeni: Sumari, Mkazi wa Kingori, Mshindani Mwalikwa.

"Hicho cha tisa kilikuwepo siku ile?" Sumari aliuliza.

"Kilikuwepo, mzee."

"Mbona hukunisomea?"

"Hukuniuliza." Gidion alijikuna shingo. "Na mimi nina watoto Levolosi."

Njiani, penye daraja la Tengeru, Sumari aliikunja hati ile mikunjo minane, akaisukuma ndani ya kisiki cha mgrivea. Kufika Poli akamwambia mkewe ameshindwa na Mgiriki. Kati ya aibu mbili alizokuwa nazo, hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi kuibeba.

Tabea alimpa ndizi iliyoiva ambayo alikuwa amewaficha watoto. "Huyo Mgiriki alikuwa hodari?"

"Hodari."

"Na Bwana Mkubwa? Ulimwona?"

"Kwa mbali."

"Si kitu," alisema Tabea. "Umekwenda, umecheza nao, hawakukufukuza. Kula." Akaketi karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipoingia bandani. Sumari aliila ndizi yote. Haikumshuka hadi keshoye.

Gazeti lilichukua wiki tatu kufika Poli. Naftali alilileta mwenyewe, akalitandaza juu ya hori la mbuzi, akaondoka. Picha ilikuwa safi. Mkono wa Sumari ulikuwa ndani ya mkono wa Bwana Mkubwa, na Sumari alikuwa akitabasamu, ingawa hakukumbuka kutabasamu. Chini yake iliandikwa kwamba Wameru waliohamia Kingori kwa hiari wameridhika na makao yao mapya, maji yapo na mifugo ni mizima, kama alivyoeleza mmoja wao, mchezaji hodari wa sataranji. Pembeni ilichapwa ile karatasi ya hiari, jina lake likiwa na mikia yake.

Tabea hakusoma shule, lakini aliijua picha. Alimwita Eunike, mtoto mkubwa, amsomee maneno. Mtoto alisoma herufi kwa herufi, akirudia palipokuwa pagumu. Alilirudia neno mifugo mara tatu hadi likatoka vizuri.

Tabea alimshukuru mtoto. Akaenda kukata majani ya mbuzi.

Jumamosi iliyofuata watu wa Engare Nanyuki waliitwa uwanjani pa kanisa. Palikuwa na habari kwamba malalamiko yatapelekwa ng'ambo, mbele ya mataifa, na wanasheria walitaka orodha ya kila aliyefukuzwa: jina lake, nyumba iliyochomwa, mifugo iliyokufa, na alama ya dole gumba. Meza ilitolewa ofisini kwa mchungaji. Naftali, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka, alipewa kalamu. Mshili Elinami aliketi kando yake na kibati cha wino wa zambarau. Mstari ulizunguka kanisa ukarudi.

Sumari alisimama mstarini tangu asubuhi. Watu waliokuwa mbele yake walizungumza na walio mbele yao, na waliokuwa nyuma yake na walio nyuma yao. Tabea alikuwa nyuma yake hatua mbili, na watoto.

Alipofika mezani, Elinami aliinua kichwa. Mzee huyo hakuwahi kumsemesha Sumari kwa lugha nyingine ila Kimeru, tangu amfanyie jando. Sasa alisema kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayemhudumia mgeni aliyeshuka kwenye basi.

"Karibu, bwana. Una shida gani?"

"Mshili, nimekuja kuandikwa," Sumari alijibu kwa Kimeru.

"Hapa tunaandika waliofukuzwa," aliendelea Elinami, kwa Kiswahili kilekile. "Sharti ni hilo moja tu. Wewe ulifukuzwa?"

"Unajua nilifukuzwa. Tulikuwa lori moja. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikashuka."

"Mimi najua. Na mkono nilikushika." Elinami aliziba kibati cha wino ili kisikauke. "Lakini karatasi yako haijui. Tukikuandika hapa, wale mabwana watatoa ile yenye jina lako na mikia yake, wataiweka mezani mbele ya mataifa, watasema: tazameni, orodha ya Wameru ni ya waongo, huyu hapa alihama kwa hiari. Jina lako moja litayala haya yote." Akaonyesha mstari.

"Nilimeza maziwa, mshili. Ulinihesabia mafunda."

"Ulimeza. Wao hawakuuliza habari ya maziwa."

Hakuna aliyezomea. Sumari alingoja wazomee. Naftali alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari mtupu, tone la wino likikua nchani.

Tabea akapita pembeni mwa mumewe, akasimama mbele ya meza.

"Niandikeni mimi."

"Jina?" aliuliza Naftali, kaka yake, kwa kuwa karatasi iliuliza hivyo.

"Tabea. Nyumba moja, imechomwa. Ghala moja, na mahindi. Ng'ombe kumi na mmoja. Watoto wanne."

Kalamu iliandika, ikafika safu nyingine, ikasita.

"Mume?"

Tabea alikifungua kibati, akalichovya dole gumba kwenye wino, akaligeuza, akalitazama kama limepakwa vyema. Watoto walikuwa wameshika khanga yake, wawili huku na wawili huku. Eunike alimtazama baba yake, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Alihama," alisema Tabea.

Naftali akaandika. Dole likabonyezwa kwenye karatasi, likaacha alama nzito ya zambarau, na Tabea akawachukua watoto akaenda nao kivulini mwa kanisa, ambako wanawake walimsogelea wakampa nafasi.

Sumari alibaki palepale mbele ya meza. Aliyefuata mstarini alikuwa Ephraimu, jirani yake wa Engare Nanyuki, ambaye nyumba zao zilishirikiana uzio na ziliungua kwa kiberiti kimoja. Ephraimu alisubiri kidogo. Kisha akavua kofia yake, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema kwa Kiswahili kizuri cha mjini:

"Samahani, bwana. Naomba kupita."

Sumari akapisha. Mstari ukasogea hatua moja, ukajaa pale alipokuwa amesimama.